Chew si Cheua: Asili na Maana ya Kitenzi cha Kiingereza cha Kutafuna

Mwalimu wa Kiingereza akiandika ubaoni sentensi isemayo "the cow chews the cud", kisha akaifafanulia kwa Kiswahili kwamba ng'ombe anacheua, hakosi mwanafunzi mmoja mwenye macho makali wa kunyoosha mkono na kuuliza kama "chew" na "cheua" si neno moja. Herufi zinakaribiana, mnyama anayetajwa ni yuleyule, na kazi anayoifanya kwa mdomo wake ni ileile. Nimelisikia swali hilo darasani, nimelisikia tena barazani, na nimewasikia watu wazima wakilijibu bila kusita: wapo wanaosema Waswahili waliliokota neno hili kwa Waingereza, na wapo wanaosema, kwa fahari zaidi, kwamba Waingereza ndio waliolichukua kwetu. Majibu yote mawili yana kasoro, na namna ya kuionyesha kasoro hiyo ndiyo njia nzuri kuliko zote ya kueleza "chew" ni neno gani, limetoka wapi, na linabeba maana ipi hasa.

Kosa la kwanza ni la jicho. Anayelisoma neno "chew" kwa mazoea ya maandishi ya Kiswahili hutamka kila herufi, akapata kitu kinachokaribia "cheu", na hapo undugu na "cheua" unajitokeza wenyewe. Mzungumzaji wa Kiingereza, hata hivyo, halitamki neno hilo hivyo. Hutamka "chuu", kama anavyotamka "bluu" kwa kuandika "blew", na sauti ya "e" haisikiki popote. Mfanano uliopo, kwa hiyo, ni wa karatasini zaidi kuliko wa kinywani, na lugha huazimana maneno kwa masikio kabla ya kuazimana kwa macho. Kama herufi peke yake zingetosha kuthibitisha ujamaa, basi tungelazimika kumwingiza katika ukoo huo samaki chewa, na pamoja naye Wachewa wa Malawi na Zambia, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuthubutu kulidai.

Tulifuate basi neno lenyewe kurudi nyuma. Katika Kiingereza cha Kale, yaani lugha iliyozungumzwa Uingereza kabla ya Wanormani kuivamia mwaka 1066, kitenzi hiki kiliandikwa "ceowan". Mtawa Ælfric, aliyeandika mahubiri na visa vya watakatifu katika miaka ya mwisho ya karne ya 10, alipoeleza wanyama walio safi kwa sheria ya Musa, alitumia kitenzi hicho pamoja na nomino "cudu", ambayo ndiyo "cud" ya leo. Maana yake ni kwamba sentensi ya mwalimu wetu ubaoni ina msingi wa zaidi ya miaka elfu moja katika maandishi ya Kiingereza, na ilikwisha kuwapo wakati ambapo Mwingereza hajapata kukanyaga pwani ya Afrika Mashariki.

Herufi "c" katika "ceowan" ina kisa chake, na kisa hicho Mswahili anakifahamu kuliko anavyodhani. Zamani zaidi neno hili lilianza kwa sauti ya "k". Waingereza wa kale walikuwa na desturi ya kuisogeza "k" mbele kinywani kila ilipofuatwa na irabu za mbele kama "i" na "e", mpaka ulimi ukagusa kaakaa gumu na "k" ikageuka "ch". Wajerumani na Waholanzi, ambao lugha zao zimezaliwa pamoja na Kiingereza, hawakuifanya kazi hiyo, na ndiyo maana mpaka leo Mjerumani anayetafuna husema "kauen" na Mholanzi husema "kauwen". Jambo hili halikulipata neno moja tu kwa bahati. Kidevu ni "Kinn" kwa Mjerumani lakini ni "chin" kwa Mwingereza; jibini ni "Käse" kwa Mjerumani lakini ni "cheese" kwa Mwingereza; kanisa ni "Kirche" huku na "church" kule. Ukiyatazama maneno haya pamoja, utaona kwamba kidevu, jibini na kutafuna vyote vimepita katika mlango mmoja.

Sasa tuangalie kwetu. Kiambishi cha ngeli ya "kitu" ni "ki", na kinabaki "ki" tunaposema kiti, kisu au kikombe. Lakini kikikutana na irabu mara nyingi hugeuka "ch". Ndiyo sababu tuna chumba badala ya "kiumba", na chombo badala ya "kiombo". Hata chakula chenyewe kilianza kama "ki-a-kula", yaani kitu cha kula, kabla ya kaakaa kuifanya kazi yake. Mswahili anayesema chakula na Mwingereza anayesema "chew" wametumia mbinu moja ya ulimi, kila mmoja kwa wakati wake na bila ya kuonana. Maandishi ya "ch" yenyewe yaliingia katika Kiingereza baadaye, kwa mikono ya makarani waliosomea Kifaransa baada ya uvamizi wa 1066; sauti ilikuwa imekwisha kubadilika zamani, ila haikuwa imepata vazi lake la sasa.

Hatua inayofuata inatutoa Ulaya ya kaskazini. Mwaka 1822 Jacob Grimm, yule yule aliyekusanya ngano za Kijerumani pamoja na ndugu yake, alichapisha maelezo ya utaratibu wa mabadiliko ya konsonanti kati ya lugha za ukoo wa Kijerumani, yaani Kijerumani chenyewe, Kiholanzi, Kiingereza na wenzao, na jamaa zake wa mbali. Sehemu moja ya utaratibu huo inasema kwamba palipokuwa na "g" katika lugha ya mababu, ile ya kale iliyozaa lugha nyingi za Ulaya na baadhi ya lugha za Asia, lugha za ukoo wa Kijerumani zina "k": goti ni "genu" kwa Kilatini na "Knie" kwa Kijerumani. Kwa kipimo hicho "k" ya "kauen" ilikuwa zamani sauti ya jamii ya "g", na ya aina laini iliyotamkwa karibu na kaakaa. Tukiwatafuta ndugu wa "chew" kwingine hatutazamii basi kukuta "ch" wala "k". Tunatazamia sauti ambazo "g" laini huzaa. Na ndivyo ilivyo. Mrusi anayetafuna husema "zhevat", Mpolandi husema "żuć", na Mwajemi husema "javidan". Kwa sikio la haraka "chew" na "javidan" hayana hata sauti moja ya mwanzo inayolingana, lakini ni ndugu wa damu, kwa sababu tofauti zao zinafuata kanuni inayojirudia katika makumi ya maneno mengine.

Hapa ndipo penye kiini cha elimu ya asili ya maneno, na ndipo wengi wanapopotea. Ushahidi wa undugu haupimwi kwa kufanana kwa sura. Hupimwa kwa tofauti zilizo na mpangilio. Lugha za dunia ni maelfu na sauti ambazo kinywa cha binadamu hupenda kuzitumia si nyingi kiasi hicho, kwa hiyo maneno yanayofanana bila ya uhusiano wowote lazima yatokee. Kiajemi kina neno "bad" lenye maana ya "baya", sawasawa na Kiingereza, na historia za maneno hayo mawili hazikutani popote. Kimbabaram, lugha ya wenyeji wa Queensland nchini Australia, kilimwita mbwa "dog", na kilipata neno hilo kwa njia zake chenyewe, kutokana na neno la kale la lugha za huko ambalo halikufanana kabisa na la Kiingereza. "Chew" na "cheua" yamo katika kapu hilo.

Kitenzi cha Kiswahili kilicho na haki ya kulinganishwa na "chew" ni "tafuna", na hicho nacho kina ukoo wake, tena mkubwa. Mchewa naye husema "tafuna", Mtswana husema "tlhafuna", Mzulu husema "hlafuna". Ukitoka Zanzibar mpaka Durban unakuta shina moja likibadilisha konsonanti yake ya mwanzo kwa utaratibu, kama vile shina la "kauen" na "chew" lilivyobadilika kati ya Berlin na London.

Tukitoka kwenye sauti tukaingia kwenye maana, pengo kati ya maneno yetu mawili linazidi kupanuka. Njia rahisi ya kuliona ni kukaa mbele ya ng'ombe aliyelala kivulini adhuhuri, baada ya malisho. Kwa muda anakaa kimya, kisha unaona kitu kikipanda upande wa chini wa shingo yake, kikikimbia kutoka kifuani kwenda koo, kana kwamba mpira mdogo unavutwa kwa kamba ndani ya ngozi. Kinapofika mdomoni, taya la chini linaanza kwenda upande na kurudi, si juu na chini kama letu, na linaendelea hivyo kwa utulivu kwa karibu dakika moja. Halafu linasimama. Donge linateremka, unaliona tena likipita shingoni, safari hii kwa kushuka, na baada ya kimya kifupi jingine linapanda. Ng'ombe anaweza kutumia kati ya saa sita na nane kwa siku katika kazi hiyo, kwa sababu majani aliyoyameza kwa haraka malishoni yanarudi kutoka tumbo la kwanza ili yasagwe upya na kulowanishwa mate.

Katika tendo hilo mna mambo mawili: kurudi kwa donge na kusagwa kwake. Kiingereza kimeshika la pili. "Chew" ni neno la meno na taya. Halisemi lolote kuhusu tumbo, wala kuhusu chakula kurudi, na ndiyo maana Mwingereza hawezi kusema ng'ombe "chews" akatosheka, ila lazima aongeze "the cud" ili ieleweke kinachotafunwa ni kile kilichorudi. Kiswahili kimeshika la kwanza. Kucheua ni kukirudisha juu kilichokwisha kushuka, na mtu aliyeshiba pilau akatoa hewa ya tumboni kwa mdomo naye pia amecheua, ingawa hakutafuna chochote. Mwisho wa "-ua" katika kitenzi hicho unasikika pamoja na ule wa pakua, fukua na zibua, vitenzi vya kutoa kitu mahali kilipokuwa. Maneno mawili haya yanamtazama ng'ombe mmoja kutoka ncha mbili tofauti, moja kichwani na jingine tumboni.

Kitabu cha Walawi, sura ya 11, kinatoa ushahidi wa kuvutia juu ya hilo. Kiebrania cha hapo humtaja mnyama "apandishaye" donge lake, kwa kitenzi chenye maana ya kuinua. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile iliyoagizwa na Mfalme James, iliandika "cheweth the cud", ikaliacha wazo la kupandisha na kuweka la kutafuna. Biblia ya Kiswahili inatumia kucheua, na kwa kufanya hivyo imekuwa karibu zaidi na Kiebrania kuliko ilivyo ile ya Kiingereza. Sidhani kwamba wafasiri waliona wamepata ushindi wowote; walitumia tu neno ambalo kila mchungaji wa pwani na bara alikuwa nalo.

Nomino "cud" nayo huwapoteza watu, kwa kuwa wengi hudhani ni tawi la "chew". Sivyo. Asili yake ni neno la kitu kinachonata, jamaa wa neno "jatu" la Kisanskriti, lugha ya kale ya India, yaani utomvu au lakiri. Katika Kiingereza cha Kale "cudu jeupe" lilikuwa jina la mastiki, ule utomvu wenye harufu unaotoka kisiwa cha Chios nchini Ugiriki, ambao watu wa Bahari ya Kati wameutafuna tangu enzi za kale ili kusafisha kinywa. Mastiki hiyohiyo imefungamana na kitenzi cha Kigiriki cha kusaga meno, na kutoka huko Kilatini kilipata "masticare", Kifaransa kikapata "mâcher", na Kiingereza, katika karne ya 17, kikajitwalia "masticate" kwa ajili ya vitabu vya tiba na mazungumzo ya wasomi. Hivyo Mwingereza leo ana vitenzi viwili vya jambo moja: "chew" cha nyumbani, na "masticate" ambacho ukikitumia mezani watu watakutazama.

Kifaransa chenyewe kinatufundisha jambo jingine kuhusu maneno ya kutafuna, nalo ni kwamba hayakai mahali pamoja. Msomaji wa Lubumbashi au Bujumbura aliyesoma shule kwa Kifaransa anajua kwamba kula ni "manger". Neno hilo linatokana na "manducare" la Kilatini, ambalo maana yake ya kwanza ilikuwa kutafuna. Watu wa kawaida wa Dola la Roma walianza kulitumia kwa kula kwa jumla, kwa namna ya utani au ukali kidogo, mpaka neno la zamani la kula likafifia na hili likakaa kwenye kiti chake. "Chew" halikupata cheo hicho. Kiingereza kilibaki na "eat" kwa kula na "chew" kwa kazi ya meno peke yake, na mpaka kati ya maneno hayo mawili unalindwa vizuri: "eat" linaahidi kwamba kitu kitamezwa, "chew" haliahidi. Mtoto wa mbwa anayeharibu kiatu, mwanafunzi anayeng'ata kalamu katika chumba cha mtihani, baharia aliyeweka tumbaku shavuni, wote hao kwa Kiingereza wana-"chew", kwa sababu hakuna hata mmoja wao anayekusudia kumeza.

Kiswahili kimeuweka mpaka huo mahali pengine. Tazama tambuu. Mzee wa Lamu au Unguja huchukua jani bichi la mtambuu, akalipaka chokaa kwa ncha ya kidole, akaweka vipande vya popoo na katu, pengine na tumbaku kidogo, akalikunja na kulitia shavuni. Analitafuna taratibu, mdomo unakuwa mwekundu, na mate anayatema. Hamezi kitu. Hata hivyo tunasema anakula tambuu, kama tunavyosema kijana anakula mirungi au miraa. Mwingereza hulazimika kusema "chew" katika yote mawili. Kitenzi chetu "kula" kina mabega mapana kiasi kwamba hubeba hata kiapo na rushwa, na tambuu si mzigo kwake. Mfasiri anayegeuza kila "chew" kuwa "tafuna" na kila "kula" kuwa "eat" ataandika sentensi sahihi kisarufi ambazo mwenyeji atazisoma huku akikunja uso.

Jirani nyingine za "chew" hazihitaji maelezo marefu. "Gnaw" ni ya kale kama "chew" na inalingana na guguna yetu, kazi ya panya na ya mtu aliyepewa mfupa. "Munch", inayoonekana katika maandishi ya mshairi wa Kiingereza Chaucer karne ya 14, ni neno lililoigizwa kutokana na sauti ya mdomo uliofungwa ukitafuna. Na ukilisema pamoja na mung'unya utaona kwamba yote mawili huanza kwa kufumba midomo. Huo pia ni mfanano usio na udugu, ila una sababu, na sababu yenyewe ni umbo la kinywa.

Kisarufi, "chew" limepoteza kitu njiani. Katika Kiingereza cha Kale lilikuwa kati ya vitenzi vilivyobadilisha irabu ya ndani kuonyesha wakati uliopita: "ceowan" kwa kutafuna, "ceaw" kwa alitafuna, "cuwon" kwa walitafuna. Mwenzake "ceosan", ambaye leo ni "choose", ameushika utaratibu huo mpaka sasa, na wanafunzi wetu wanaumwa kichwa na "chose" na "chosen". "Chew" likalegea, likakubali mwisho wa kawaida wa "-ed", na kwa hilo angalau limewapunguzia wanafunzi kazi.

Kwa upande wa mafumbo, Kiingereza kimelitumia tendo la kutafuna hasa kwa kufikiri. Katika tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, Brutus anamwambia Cassius, kabla hawajaagana, "chew upon this", maana yake alichukue neno hilo na kulitafakari. Mwanafalsafa Mwingereza Francis Bacon aliandika mwaka 1597 kwamba vipo vitabu vya kuonja, vipo vya kumeza, na vichache ni vya kutafuna na kusaga tumboni. Mpaka leo mtu aliyepewa pendekezo zito husema ata-"chew it over". Kiswahili hakiendi njia hiyo. Anayetafuna maneno kwetu ni yule asiyesema wazi, na anayetafuna fedha za umma hatafakari lolote. Ukitaka kumtafsiri Brutus utahitaji tafakari, au zingatia, au lipime. Kuna pia "chew the fat", yaani kupiga soga, ambayo imezungukwa na hadithi ya mabaharia waliokuwa wakitafuna mafuta ya nguruwe yaliyokaushwa kwa chumvi huku wakizungumza. Hadithi hiyo inapendeza, lakini msemo wenyewe unaanza kuonekana katika maandishi ya mwishoni mwa karne ya 19 yanayohusu askari wa nchi kavu, wakati zama za jahazi za tanga zenye nyama ya chumvi zilikuwa zinakwisha.

Limebaki swali la mwanafunzi wetu kama Kiswahili hakikupata kabisa kuazima "chew". Kiliazima, na neno lipo katika kila duka la mtaani, kwenye kijibakuli karibu na sanduku la fedha: chingamu. Ndani yake mna "chewing", iliyosikika kwa sikio la Mswahili kama "chuing", wengine wakaiandika chuingamu na wengi wakaifupisha. Chunguza irabu zake moja baada ya nyingine. Mna "i", mna "a", mna "u", na kwa baadhi ya watu "u" mbili. "E" ya "cheua" haimo.